Mpeleke mwanao akaone kunakosomewa maneno

Kutoka maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road hadi lango la Chuo Kikuu cha Nairobi, msomaji, hata ukienda aste aste kama mtu aliyeshiba pilau, utakuwa umefika kabla ya robo saa kuisha. Shemeji yangu ameuza vipuri mtaani humo kwa miaka 22. Wahadhiri wamenunua breki kwake. Wanafunzi wamepita mbele ya duka lake wakikimbia moshi wa vitoa machozi mara asizoweza kuzihesabu. Lakini yeye mwenyewe hakuwa ameingia chuoni humo hata siku moja.

"Nikafanye nini huko?" angekuuliza.

Msimu uliopita wa kuchagua kozi ilimbidi aingie. Bintiye, mpwa wangu, alikuwa amefanya KCSE na kupata B+, na katika Kiswahili alipata A. Tovuti ya KUCCPS ilipofunguliwa, binti akasema anataka kusomea Kiswahili na fasihi, au uanahabari. Babake akasema uuguzi. Binti akanyamaza. Babake akaendelea kusema, na miongoni mwa aliyoyasema ni haya ambayo dada yangu alinipigia simu usiku kunisimulia: kwamba kulipa karo usomee Kiswahili ni sawa na kulipa karo ufundishwe kutembea.

Nadhani wewe pia, mzazi unayesoma makala haya ukinywa chai ya Jumapili, una maneno kama hayo mdomoni au uliyameza juzi tu. Sikulaumu. Karo ni pesa, na pesa haziokotwi. Nilimwambia shemeji hivi: tusibishane sebuleni juu ya mahali ambapo hakuna kati yenu aliyepaona. Funga duka asubuhi moja, twende tukatazame.

Alifunga Jumatano. Tulikuwa watatu, na nitakupitisha njia ile ile tuliyopita sisi, kwa kuwa njia yenyewe ni nusu ya somo.

Mkishapita mzunguko wa Globe, pandeni kilima hadi kituo cha polisi cha Central, kisha mgeuke kulia muingie Harry Thuku Road. Hapo simameni kidogo. Mnamo Machi 16, 1922, umati ulikusanyika karibu na hapa kudai Harry Thuku aachiliwe, naye alikuwa amekamatwa siku mbili kabla. Askari walifyatua risasi. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo mwanamke aliyeitwa Mary Muthoni Nyanjiru, aliyekuwa amewakabili wanaume kwa maneno makali wasirudi nyuma. Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwaka 1904, iko hapo hapo, na yasemekana walowezi waliokuwa kwenye baraza yake walifyatua risasi pia.

Shemeji hakuwa akijua kwamba barabara hiyo, ambayo huitaja kila siku akiwaelekeza wateja, ni jina la mtu aliyeponza umati. Bintiye alijua. Alikuwa amesoma katika somo la historia kidato cha tatu, na alimweleza babake taratibu, bila madaha. Nilinyamaza nikawaacha waongozane.

Mkabala na Norfolk ni Jumba la Kitaifa la Maigizo, lililofunguliwa mwaka 1952. Oktoba 1976 tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi iliigizwa hapa, na wote wawili walikuwa wakifundisha katika chuo hicho kilicho nyuma ya ukuta. Ukipanda mbele zaidi utafika kwenye studio za KBC, ambako asubuhi ya Agosti 1, 1982, wanajeshi waasi walimlazimisha Leonard Mambo Mbotela atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Mbotela alifariki Februari 2025, na sauti yake shemeji alikuwa akiijua vyema kuliko sauti ya mchungaji wake.

Hebu tazama basi yaliyo kwenye barabara hiyo moja fupi: jumba la maigizo, redio ya taifa na chuo kikuu. Serikali ikitaka kusemwa vizuri, huja hapa. Anayetaka kuipindua, huja hapa vilevile, tena mapema.

Langoni beba kitambulisho. Askari wa lango watauliza mnakokwenda. Semeni ukweli, kwamba mmemleta mtoto aone chuo. Tuliingia tukapita kwenye nyasi, tukaona sanamu ya Mahatma Gandhi iliyozinduliwa mwaka 1956. Sanamu hiyo ina sababu yake. Wahindi wa Afrika Mashariki walikuwa wamechanga fedha wajenge chuo cha kumkumbuka Gandhi, na mchango huo ukaunganishwa na ule wa chuo cha ufundi, Royal Technical College, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka huo huo wa 1956. Kwa hiyo chuo hiki kilianza kama mahali pa uhandisi, biashara na kadhalika. Shemeji alifurahi sana kusikia hayo. "Unaona?" alimwambia bintiye.

Binti akamwonyesha Maktaba ya Jomo Kenyatta, akasema, "Na hayo mengine yalikuja, baba."

Yalikuja, naam, na hayakuja kimya kimya. Mwaka 1968 chuo hiki kilikuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Kilikuwa na Idara ya Kiingereza, na humo mtoto wa Limuru au wa Kisumu alisoma fasihi ya Uingereza kutoka enzi hadi enzi kana kwamba kwao hakukuwahi kusemwa neno la maana. Mwezi Oktoba mwaka huo walimu watatu, yaani Ngugi, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, waliandika waraka mfupi wakipendekeza idara hiyo ifutwe. Hawakusema Shakespeare achomwe moto, kama wengine wanavyodhani. Walisema Afrika iwe katikati na wengine wazunguke. Fasihi simulizi ifundishwe, Kiswahili kifundishwe, kisha tutazame ng'ambo tukiwa tumesimama kwetu.

Ugomvi ulikuwa mkubwa, lakini idara ilibadilika ikawa Idara ya Fasihi. Mambo hayakuishia chuoni. Mwaka 1974 walimu wa fasihi walikutana katika shule ya Nairobi School kujadili fasihi ya Kiafrika katika shule za upili, na fasihi simulizi ikapata njia ya kuingia kwenye silabasi. Mtoto wako anapokuja nyumbani na zoezi la kukusanya vitendawili na methali kwa babu yake, zoezi hilo lina ukoo, na ukoo wake ni waraka ule wa kurasa chache. Ngugi mwenyewe alifungwa bila kushtakiwa kuanzia mwisho wa Desemba 1977, na hakurudishiwa kazi yake hapa. Alifariki Mei 2025 akiwa Marekani.

Sasa nifike kwenye jambo lililotupeleka.

Katika jumba moja la mihadhara tuliketi nyuma kabisa, baada ya kumwomba mhadhiri ruhusa mlangoni. Lilikuwa somo la isimu. Usiogope neno hilo. Ni elimu ya jinsi lugha zilivyojengwa, kama vile makanika anavyoijua injini ilhali sisi wengine tunajua kuendesha tu. Mfano huo nilimnong'onezea shemeji makusudi. Alinitazama kwa jicho la pembeni, lakini alinyoosha mgongo.

Mhadhiri aliandika ubaoni maneno kwa safu mbili. Upande mmoja: cheka, chinja, macho, njia, njoo. Upande wa pili: teka, tinda, mato, ndia, ndoo. Akauliza darasa, wanaosema kwa safu ya pili wanakosea wapi? Mikono kadhaa ilipanda. Mmoja alisema ni matamshi mabovu. Mwingine alisema ni watu wasiosoma.

Mhadhiri hakumkaripia mtu. Aliwaambia watazame tena safu zote mbili, kutoka juu hadi chini, kama watu wanaotafuta hesabu. Na hesabu ilionekana. Katika maneno yale penye ch ya Kiunguja, Kimvita kina t. Penye nj, kina nd. Si hapa mara moja na kule mara moja, bali neno baada ya neno. Akasema kwamba mtu anayekosea hakosei kwa utaratibu, na penye utaratibu kama huu pana sarufi.

Msichana mmoja wa mbele akanyosha mkono: kama ni hivyo, mbona watu wa Mombasa hawasemi "takula"? Swali zuri! Mhadhiri akatabasamu kama mvuvi aliyehisi ndoano ikivutwa. Alieleza kwamba ch ya "chakula" ilitoka kwenye kiambishi ki- kilipokutana na irabu, kwa hiyo ina historia nyingine, haikupita njia ya "cheka". Na "chai" nalo ni neno lililotoka ng'ambo, halikuwapo wakati huo. Kila neno na safari yake.

Kisha akasema jambo ambalo lilinifanya niinamishe kichwa. Mwaka 1928 ulifanywa mkutano wa kuamua ni lahaja gani itakayokuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha vitabu na shule, na Kiunguja kikachaguliwa. Kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Mkutano huo ulifanyiwa Mombasa. Yaani Kimvita kilivuliwa kilemba nyumbani kwake, mbele ya wageni.

Nitakueleza, msomaji, kwa nini niliinama. Mimi na dada yangu tulizaliwa Mombasa. Tuliletwa Nairobi nikiwa darasa la tano, na katika insha yangu ya kwanza niliandika kwamba tulipotea "ndia". Mwalimu aliisoma kwa sauti mbele ya darasa. Walicheka hadi mwingine akaanguka kwenye dawati. Jina "Ndia" nilibandikwa hadi nilipomaliza darasa la nane. Hilo si kubwa. Watoto hubandikana majina. Kubwa ni kwamba tangu siku hiyo sikutaka mama aje shuleni. Siku za wazazi nilikuwa nikisema mkutano umeahirishwa. Mama yangu alikuwa akijua tenzi ndefu kwa moyo, nami nilimficha kama mtu anayeficha kiraka, kwa sababu alisema "mato".

Nilikuwa na miaka kumi na moja wakati huo. Nimekaa na kosa hilo hadi uzeeni huu, na mtu aliyekuja kuniambia kwamba halikuwa kosa ni mhadhiri asiyenijua, mwenye chaki mkononi, Jumatano saa nne asubuhi. Mpwa wangu aliandika safu zote mbili kwenye daftari lake. Shemeji, ambaye kwa miaka mingi amemtania dada yangu kwa kusema "ndoo hapa", alikuwa akitazama ubao bila kupepesa.

Tulipotoka tulikunywa chai na chapati pamoja na wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu wanaosomea uanahabari. Shule ya Uanahabari ya hapa ilianzishwa mwaka 1970 kwa msaada wa UNESCO, ikaanza kwa kozi za diploma kabla ya kufikia shahada. Shemeji hakupoteza wakati. Aliwauliza watakula nini wakimaliza.

Walimjibu kweli tupu, nami nakupa wewe hiyo kweli kama walivyoitoa. Magazeti na vituo vya televisheni vimepunguza watu katika miaka ya karibuni. Matangazo ya biashara yamehamia kwenye simu. Anayedhani atahitimu leo na kesho asome taarifa ya saa moja akiwa amevaa suti, anajidanganya. Mmoja wao alikuwa tayari anahariri video za harusi na za makanisa ili apate nauli. Mwingine alitaka kwenda kufanya kazi ya Hansadi, maana tangu mwaka 2013 tuna mabunge ya kaunti 47 na kila moja linahitaji watu wa kuandika yanayosemwa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Basi shemeji akawajaribu. Akawapa habari: kwamba kuna duka fulani Kirinyaga Road linauza vioo vya magari vilivyong'olewa usiku mitaani. Akawaambia waiandike.

Yule msichana alitoa kalamu. Umeviona vioo? La. Nani aliviona? Watu. Watu gani? Watu tu wa huko. Mwenye vioo amepiga ripoti polisi? Sijui. Mwenye duka umemuuliza? Shemeji akacheka, nani atamuuliza mwizi kama ni mwizi? Msichana akafunika kalamu yake. "Basi siwezi kuandika, mzee. Mwenye duka anaweza kutushtaki, na atashinda. Na kama si kweli, nitakuwa nimemfilisi mtu kwa kalamu."

Shemeji hakujibu. Mimi najua kwa nini, na yeye alijua kwamba najua. Miaka kadhaa iliyopita uvumi kama huo ulienezwa juu ya duka lake yeye mwenyewe, kupitia simu, na alikaa miezi miwili akiuza mafuta ya breki na balbu tu. Hakuna aliyekuja kumuuliza. Alimaliza chai yake akawalipia wale wanafunzi wote wawili.

Sasa hesabu, maana najua unazingojea. Mtoto anayetaka kufundisha shule ya upili asichukue shahada ya sanaa kwa kubahatisha. Njia iliyonyooka ni shahada ya ualimu katika sanaa, ambayo katika Chuo Kikuu cha Nairobi husomewa bewa la Kikuyu. TSC hudai awe na angalau C+ ya jumla katika KCSE na C+ katika yale masomo mawili atakayofundisha. Akichukua B.A., itambidi arudi aongeze stashahada ya ualimu, na huo ni muda na pesa. Lakini B.A. inampa nafasi ya kuchanganya isimu, fasihi, historia na mengineyo, na kufungua mlango wa tafsiri, ukalimani wa mahakamani, uchapishaji na utafiti.

Tafsiri na ukalimani si kazi za kubahatisha siku hizi. Katiba yetu ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Uganda, ambako zamani Kiswahili kilihesabiwa kuwa lugha ya askari na wezi, iliamua mwaka 2022 kifundishwe shuleni kwa lazima, na walimu hawatoshi. Sisemi kazi zimepangwa mlangoni kama matatu za Koja. Nasema zipo, na anayezipata ni yule aliyesoma hadi akajua "takula" haiji kwa nini.

Wala usidhani Nairobi ndiyo pekee. Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Kahawa, kwenye kambi ambayo wanajeshi wa Uingereza waliikabidhi serikali mwaka 1965. Kuna Moi karibu na Eldoret, Maseno, Egerton kule Njoro, na Pwani huko Kilifi kwa mtoto anayetaka kusoma Kiswahili akikisikia dirishani. Kwa diploma ya utangazaji ipo KIMC mtaani South B, ambako vifaa vinashikwa kwa mikono mapema.

Na shahada haimfanyi mtu kuwa mwandishi. Ken Walibora alitoa riwaya yake ya Siku Njema mwaka 1996, na ndipo baadaye akapata shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Nairobi, halafu uzamifu huko Ohio. Alifariki Aprili 2020. Kipaji kilitangulia darasa. Lakini mtu aliyekuwa tayari na jina kubwa aliona yafaa aketi darasani na vijana, nami husimulia hilo kila ninapoambiwa kwamba lugha haihitaji shule.

Tulitoka kwa upande wa pili, tukapita kijia kile cha chini ya barabara kinachowapeleka wanafunzi mabwenini, kisha tukarudi mjini kupitia Jevanjee. Ilikuwa saa za chakula cha mchana, na bustanini wahubiri na wanasiasa wa benchi walikuwa wakishindana kwa sauti kama kawaida. Shemeji alisimama kuwasikiliza kwa muda. Mmoja alikuwa akisema mambo mazito juu ya bei ya mafuta.

"Nani alimwambia?" shemeji alimuuliza bintiye kwa sauti ya chini.

Nyumbani jioni hakukuwa na hotuba. Binti alifungua tovuti, akaweka ualimu wa Kiswahili na fasihi kwanza, B.A. ya pili, uanahabari wa tatu. Babake aliomba uuguzi nao uwepo, japo wa nne. Binti akaandika. Kila mmoja alikuwa amepata na kukosa.

Kisha akampigia nyanya yake simu Mombasa, akaiweka mezani sauti isikike na wote, kalamu mkononi na daftari lile lenye safu mbili limefunguliwa. Akamuuliza, nyanya, kuku mwamfanya nini kabla ya kumpika?

"Twamtinda," mama akajibu. "Kwani nyinyi huko mwamla hai?"

Dada yangu aliangua kicheko, mimi nikafuata, na shemeji, aliyekuwa amejikaza, akashindwa akacheka hadi akavua miwani. Simu ikanyamaza kidogo.

"Mwateka nini?" mama akauliza.

Mpwa wangu alikuwa ameshainama, anaandika.